Hedifoni Isiyoziba Masikio

Ofisini walimwita Halo, na msinitolee macho, si mimi niliyempa jina hilo. Alikuwa amekaa miaka mingi kwenye meza ya kupokea simu ya kampuni moja ya kusafirisha vifurushi, na kila simu aliipokea kwa "haloo" ndefu, tamu, kiasi kwamba mteja aliyepiga ili atukane alijikuta anauliza hali kwanza. Macho yake hayakuwahi kuona tangu azaliwe. Masikio sasa, jamani! Mhasibu akifungua peremende kimyakimya chumba cha pili, Halo anauliza kwa sauti kubwa kama zimebaki mbili.

Mwaka huo Halo alipanda cheo. Walimtoa kwenye simu wakampeleka meza ya malalamiko, wakampa kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti. Simu yake ya mkononi nayo ilikuwa na sauti hiyohiyo, ya mwanamume asiyevuta pumzi, na kwa kuwa Halo hakuwa na muda wa kumsubiri mtu atamke neno mojamoja, alikuwa ameiharakisha mpaka ikawa inaporomosha maneno. Aliiita Bwana Mbio. Njiani Bwana Mbio alimtajia vituo vya basi na majina ya mitaa. Ofisini alimsomea barua za watu waliopotelewa na magodoro.

Sasa Bwana Mbio alikuwa na kasoro moja, hakujua kunong'ona. Siku ya kwanza tu ofisi nzima ilishika kichwa, na meneja akaja kusema kwa upole wa mtu aliyekereka, "Halo, dada yangu, tafuta hedifoni." Na njiani, simu inayopiga kelele mkononi mwako ni sawa na kuwaita vibaka kwa majina yao. Basi Halo akanunua vile vidude vya kuchomeka masikioni, vya bei ya karanga, akaendelea na maisha.

Mpaka siku ile ya pikipiki. Alikuwa anavuka njia, Bwana Mbio anamsomea, masikio yote mawili yamezibwa, na pikipiki ikapita puani pake ikaivunja fimbo yake nyeupe vipande viwili. Yeye hakukwaruzwa hata ukucha. Ila jioni ile dada yake alipoona vipande vya fimbo, akaviomba vile vidude, akavikata kwa mkasi wake wa kukatia nguo. Dada huyu ni fundi cherehani, na mkasi ule hata karatasi haukuruhusiwa kugusa. Halo aliusikia ukikata waya, akajua mambo yameharibika kweli.

Kuanzia kesho yake dada alifunga kibanda chake cha ushonaji kila asubuhi na kila jioni, akawa anamsindikiza Halo kazini na kumrudisha, kamshika mkono juu ya kiwiko kama mtu anayebeba chungu. Mlinzi wa getini akawa anapiga kelele, "Kifurushi kimefika, nani anasaini?" Watu wanacheka, na Halo anacheka pia, kisha anakwenda chooni anakaa kidogo mpaka hasira ipungue. Wateja wa dada nao walianza kupeleka vitambaa vyao kwa fundi mwingine. Wote wawili walikuwa wanaumia, na kila mmoja alikuwa mkaidi kuliko mwenzake.

Mwisho wakawekeana masharti. "Wewe tafuta hedifoni," dada alisema, "ambayo mimi mwenyewe nitaivaa, nitaijaribu, nitaikubali. Nikiikubali, nakuachia uende peke yako. Nisipoikubali, nitakupeleka na kukurudisha mpaka nizeeke, na nikizeeka nitakuja na mkongojo."

Halo akasema sawa. Alijua dada hatanii.

Ndiyo maana asubuhi hiyo, kabla ya saa za kazi, walikuwa wamesimama kwenye duka dogo la vifaa vya simu lililotazamana na ofisi yake, barabara ikiwa katikati. Mwenye duka aliitwa Besi. Jina hilo lilimpata kwa sababu kila alichouza, hata chaja, alikisifia kwamba kina besi, ule mdundo mzito wa muziki.

"Karibuni, karibuni," Besi alisema, kisha akamgeukia dada. "Huyu anapenda muziki gani?"

"Huyu anapenda kuulizwa mwenyewe," Halo akajibu.

Dada akakohoa kuficha kicheko. Besi akaomba radhi mara tatu mfululizo, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema ingawa mdomo wake ulitangulia akili, akaamua kufidia kosa kwa kuleta mali yake bora. Akamvika Halo hedifoni kubwa yenye mito laini, ile inayomeza sikio lote.

"Hii, dada, ukibonyeza hapa inaua kelele zote. Unaisahau dunia!"

Akabonyeza.

Mnajua, mpaka dakika hiyo Halo alikuwa ameshalijua duka zima. Alijua kwamba kulia kwake kuna ukuta uliojaa maboksi, kwa sababu sauti ya Besi ilikwenda huko na haikurudi. Alijua mbele kuna kabati la kioo, juu kuna feni yenye bawa moja lililolegea, na nyuma yake, kwenye mlango, dada anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Besi alipobonyeza, vyote hivyo vikaondoka kwa mpigo. Hapakuwa na ukuta. Hapakuwa na feni wala mlango wala dada. Halo akanyoosha mikono kama mtu aliyesukumwa kwenye maji, akashika ukingo wa kabati, moyo ukimwenda mbio, kisha akaing'oa hedifoni ile kichwani kwa nguvu.

"Vipi, haina besi?" Besi akauliza.

"Ngoja," Halo akasema. Alikuwa anatweta. "Ngoja kidogo. Dada, uko wapi?"

"Si niko hapa."

"Sema tena."

"Niko hapa mlangoni, mdogo wangu. Una nini?"

Halo akapumua. "Nimezaliwa siwezi kuona," akasema, "lakini leo ndiyo mara ya kwanza nimekuwa kipofu."

Maneno yale yalimchoma dada, kwa sababu miaka yote alikuwa amejiambia kwamba mdogo wake anaishi gizani na yeye ndiye taa yake. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba mtoto yule alikuwa na mwanga wake mwenyewe, na kwamba mtu anaweza kuuzima kwa kidole. Akaona haya, akatazama sakafu.

Basi Halo naye, mtu wa ajabu! Mwingine angeondoka na kwenda kunywa maji. Yeye akaivaa tena ile hedifoni. Akabonyeza mwenyewe, dunia ikazima. Akabonyeza tena, ikawaka. Akainua mto mmoja kidogo tu, akasikiliza nusu ya duka ikirudi. "Ebu nione," akawa anasema peke yake, "ebu nione inafanyaje." Udadisi ulikuwa umeshaipiga hofu teke.

"Kwa ofisini hii ni dawa," akasema mwishowe, akiivua. "Kwa barabarani ni jeneza. Tena bei yake najua hutaitaja mpaka nikae chini. Lete nyingine."

Besi akaleta. Akaleta zile za kukaa juu ya sikio, ambazo hazizibi sana. Halo akazivaa, akapiga ulimi mdomoni, ta, ta, akasikiliza. Akatembea mpaka kwenye ukuta wa maboksi, akasimama umbali wa mkono mmoja. Akarudi.

"Samahani, dada," Besi akasema, "mbona huwashi muziki? Nimeuza vitu hivi miaka yote, sijamwona mtu anayejaribu hedifoni ikiwa imezimwa."

"Nasikiliza zisichokula."

"Zisichokula?"

"Kila hedifoni inakula kitu. Hii imekula ukuta. Sauti yako naisikia, lakini ukuta sijauona mpaka nilipofika. Na ukuta hautembei, kaka. Je, baiskeli?"

Besi alijikuna kichwa, akaenda kuvaa hedifoni moja yeye mwenyewe, akapiga ulimi, ta, ta, akagonga bega kwenye rafu. Maboksi mawili yakaanguka. Dada safari hii alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika mlango.

Wakajaribu kuweka kidude kimoja kwenye sikio moja tu. Halo akakitoa mwenyewe kabla dada hajasema, maana kwa sikio moja alisikia gari lakini hakujua linatoka upande gani, na hilo ni baya kuliko kutolisikia. Wakajaribu nyingine, na nyingine. Nje mji ulikuwa umeshaamka sawasawa na saa ya kazi ilikuwa inasogea. Dada akaanza kusema kwa sauti ya chini, "Basi tuache, mdogo wangu. Mimi sichoki kukusindikiza." Alisema kwa mapenzi, na ndiyo maana maneno hayo yalimwuma Halo zaidi. Angekuwa anasimangwa angeweza kujibu. Mapenzi utayajibu nini? Aliona miaka yake yote iliyobaki ikipita akiwa ameshikwa juu ya kiwiko, akajikaza asilie mbele ya Besi.

"Huna kingine kabisa?" akauliza.

Besi akasita. "Kipo kimoja," akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri ugonjwa. "Ila sikisifii. Haviingii sikioni. Vinakaa hapa, kwenye mfupa mbele ya sikio, vinatetemesha mfupa, basi. Niliagiza vichache, wateja wakanirudishia. Na hivi si vile vya kampuni kubwa, ni vya jina ambalo hata mimi sijui kulisoma. Vina bei nafuu, lakini..." Akameza mate. "Havina besi."

"Lete!" Halo akasema, karibu kupiga kelele.

Kilikuwa kitu chepesi, upinde mwembamba wa kupita nyuma ya kichwa, wenye vidude viwili mfano wa vifungo vya nguo, kimoja kila ncha. Halo akakipapasa kila pembe. Akauliza kinashika chaji muda gani, Besi akamwambia siku nzima ya kazi. Akakiunganisha na simu yake, akamwamuru Bwana Mbio asome. Lakini badala ya kukivaa, akashika kifungo kimoja akakibana kwenye kidevu.

"Aa!" akasema. "Anasemea kwenye meno."

Akakihamishia kwenye paji la uso. Kwenye kisogo. Akakigandamiza kwenye kiwiko, akasikiliza, akatikisa kichwa. Kisha akachukua boksi tupu lililoanguka, akakiweka juu yake, na boksi likaanza kuporomosha barua ya malalamiko kwa sauti nyembamba, mpaka Besi akarudi nyuma hatua moja.

"Hiyo ni lugha gani?" Besi akauliza.

"Kiswahili."

"Kiswahili hiki hiki?"

"Anasema godoro la mteja limefika likiwa limeloa. Ni mwendo tu, kaka, utamzoea."

Ndipo akavivaa mahali pake, mbele ya masikio. Duka likabaki palepale. Feni ilikuwapo, bawa lake lililolegea lilikuwapo, dada alikuwapo mlangoni. Na katikati ya kichwa, kama mgeni aliyekaribishwa akakaa kwa adabu, Bwana Mbio alikuwa anaendelea na godoro lake. Akapiga ulimi, akaupata ukuta kutoka mbali. Alicheka kwa sauti, cheko la mtoto aliyepewa kitu, na dada aliyemlea alijua kwamba cheko lile hajalisikia tangu siku ya pikipiki.

"Nipe na mimi," dada akasema.

Halo akamvika. Dada akasimama wima, amekunja uso kama mtu anayepimwa homa. Sauti ikamwingia kichwani, akashtuka, akashika mashavu. Halo akarudi nyuma mpaka mwisho wa duka, akanong'ona, "Dada, gauni lako limechanika nyuma."

"Limechanika wapi?" dada akageuka kwa kasi, kisha akanyamaza. Alikuwa amesikia mnong'ono, na sauti ilikuwa bado inasoma kichwani mwake. "Mwongo wewe," akasema polepole. "Halijachanika." Akavivua, akaviangalia mbele na nyuma, hataki kukubali upesi. "Sawa, kwa barabarani. Na ofisini je? Ofisini kwenu ni soko. Utamsikiaje huyo mtu wako wakati masikio yapo wazi?"

Besi akainamisha kichwa. "Hapo kweli. Ndiyo sababu walivirudisha. Kwenye kelele havifai."

Lori likapita nje likitetemesha vioo vya kabati. Halo akavivaa tena. Kelele za lori zilimfunika Bwana Mbio kabisa, hata neno moja halikupita. Dada alikuwa anasema kweli. Basi ndiyo hivyo, akawaza, kimoja kinafaa huku na hakifai kule, na masharti ni masharti. Lori la pili likaja, na kwa kuchoka tu, kama anavyofanya mtu yeyote aliyekereka na kelele, akaingiza vidole viwili masikioni.

Akaganda.

"Nini tena?" dada akauliza, lakini Halo hakumsikia. Lori lilikuwa limetoweka. Duka lilikuwa limetoweka. Na Bwana Mbio, badala ya kutoweka nalo, alikuwa amepanda juu, mnene, safi, kila neno limenyooka, kama amevuta kiti akakaa ndani ya fuvu. Akatoa vidole, dunia ikarudi na sauti ikashuka. Akaingiza, ikapanda. Akatoa. Akaingiza. Akafanya hivyo mara nyingi mpaka Besi akamwangalia dada kwa wasiwasi.

"Haipiti masikioni!" Halo akasema kwa nguvu ya mtu aliyeziba masikio. "Dada, haipiti masikioni hata kidogo! Nikiziba, naipata zaidi! Kaka Besi, una pamba?"

Pamba alikuwa nayo dada, kwenye mkoba, mabaki ya kujazia mabega ya koti la mteja. Akasokota vipande viwili, akamwekea mdogo wake masikioni kwa mkono wake. Besi, ili wahakikishe, akawasha spika zake zote za dukani kwa pamoja, na nadhani siku hiyo alipata besi ya kumtosha mwezi mzima. Katikati ya zogo hilo Halo alisimama ametulia, akirudia kwa sauti neno kwa neno kile Bwana Mbio alichomsomea, namba ya kifurushi, jina la mji, godoro, maji, hasira ya mteja na yote.

Besi akazima spika. "Jamani," akasema. "Mimi nauza vitu nisivyovijua."

Bei walipatana bila kelele nyingi. Kisha dada akasema, "Sijamaliza. Tutoke nje."

Walisimama ukingoni mwa barabara. Ofisi ilikuwa ng'ambo. Halo alikuwa ametoa pamba akaiweka mfukoni, fimbo mpya mkononi, Bwana Mbio anasoma. Dada akamwachia mkono. Mkono ulimwacha polepole, kidole baada ya kidole, na mahali uliposhika pakabaki na baridi.

"Vuka," dada akasema. "Mimi nakufuata nyuma. Sitasema neno, hata uking'ang'ania."

Halo akasikiliza. Basi lilipita kutoka kushoto. Nyuma yake gari dogo, la dereva mwenye haraka. Akasubiri. Kichwani mteja alikuwa anadai fidia. Kulia kukawa kimya, akainua mguu, akaurudisha, kwa kuwa mnyororo wa baiskeli ulikuwa unalia kwa mbali, unakuja. Ikapita. Hapo akagonga fimbo chini, akavuka kwa mwendo wake wa siku zote, si wa haraka wala wa woga, mpaka fimbo ikagusa ukingo wa upande wa pili, akapanda.

"Umeona?" akasema, akigeuka kidogo. "Dada, umeona?"

Hakuna aliyejibu. Hapakuwa na mtu nyuma yake. Ndipo kutoka ng'ambo, magari yalipopungua, akasikia mdomo wa Besi, ambao haukuwahi kujifunza kupunguza sauti.

"Mama, mbona umebaki hapa? Mkimbilie umshike! Si haoni yule?"

Halo hakusogea.

"Anasikia," dada akasema. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, lakini hakuishusha. "Tena anatusikia mimi na wewe sasa hivi, kwa hiyo chunga mdomo wako."

Halo alitamani kugeuka arudi akamkumbatie. Alijua pia kwamba akigeuka tu, dada atavuka. Basi akainua fimbo juu kidogo ili ionekane, akaishusha, akaenda kazini.